Hodi Katika Mahakama ya Kazi

Mtu wa Mombasa au Tanga akiingia kwa mara ya kwanza katika Mahakama ya Kazi ya Riyadh, hata kama Kiarabu chake ni kile cha Alhamdu na maamkizi tu, masikio yake hayawi mageni kabisa. Mlangoni pameandikwa "mahkama". Ndani kuna kadhi, kuna wakili, kuna shahidi, na mwisho wa yote kuna hukumu. Anachokitafuta ni haki yake, na mshahara wake huitwa "ujra". Wakipatana kabla ya kufika kwa kadhi, huo ni "sulhu". Majahazi ya karne nyingi yalituletea karibu kamusi nzima ya mahakama kutoka ng'ambo ile. Tofauti ni kwamba kwetu, Kenya na Zanzibar, watu huenda kwa kadhi kwa ajili ya ndoa, talaka na mirathi. Kule mtu huenda kwa kadhi kwa sababu amefagia hospitali miezi minne bila kulipwa.

Mahakama hiyo ni changa. Ilianza kazi mwaka 2018, sawa na 1440 ya Hijria, Walid al-Samaani akiwa Waziri wa Sheria, katika miji saba: Riyadh, Jeddah, Makka, Madina, Dammam, Abha na Buraidah. Taasisi ya umri huo kwa kawaida haiandikiwi historia. Tumezoea kuandikia benki iliyotimiza miaka hamsini na shule ya misheni iliyotimiza mia. Lakini hii ilikaa tumboni miaka 71, ukihesabu tangu Ufalme utoe sheria yake ya kwanza ya kazi mwaka 1947, na habari ya mimba hiyo ndefu ni kubwa kuliko ya sherehe za kuzaliwa kwake. Katika miaka yote hiyo swali lilikuwa moja: nani anaruhusiwa kupiga hodi?

Lazima nianzie Dhahran, ingawa si Riyadh wala Jeddah. Mafuta yalipatikana huko kwa wingi mwaka 1938, na kampuni ya Kimarekani iliyokuja kuitwa Aramco ikajenga mji wake jangwani. Wamarekani waliishi ndani ya ua wao, kwenye nyumba zenye viyoyozi. Wafanyakazi Waarabu waliishi kwenye vibanda vya makuti vilivyoitwa "barasti", na sisi watu wa pwani tunajua makuti yanafaa nini na hayafai nini. Katikati walikuwamo Wahindi, na Waitaliano waliochukuliwa Eritrea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta cha Ras Tanura. Kila taifa lilikuwa na kambi yake na ngazi yake ya mshahara. Mwanahistoria Robert Vitalis ameonyesha kwa kirefu kwamba mpangilio ule ulibebwa kutoka kambi za migodi na za mafuta za Marekani, ukashushwa mzima mzima kwenye mchanga wa Ghuba.

Oktoba 1953 wafanyakazi wapatao 13,000 waliweka chini zana. Walitaka mishahara bora, nyumba zinazokalika, na kutambuliwa kwa kamati waliyoichagua wenyewe. Wajumbe wa kamati hiyo walikuwa wamekamatwa. Kampuni ilitoa baadhi ya yaliyodaiwa, na mwaka 1956, baada ya fujo nyingine, amri ya kifalme ikapiga marufuku migomo. Marufuku hiyo haijaondoka, wala vyama vya wafanyakazi kama tuvijuavyo Nairobi au Dar es Salaam havijaruhusiwa. Hilo ndilo jambo la kushika kabla ya kusoma mengine. Mahali ambapo mfanyakazi hawezi kugoma wala kujiunga na chama, mzigo wote wa haki yake hukaa juu ya karatasi na juu ya anayeisoma karatasi hiyo.

Wizara ya Kazi na Mambo ya Jamii iliundwa mwaka 1961. Mwaka uliofuata, Novemba 1962, Faisal, aliyekuwa bado mrithi wa kiti cha ufalme na waziri mkuu, alitangaza mpango wa mambo kumi, na moja katika hayo lilikuwa kufuta utumwa. Zanzibar ilikuwa imeufuta mwaka 1897. Yaani katika muda wa miaka 65 kati ya amri hizo mbili, mtu wa pwani yetu angeweza kuwa huru Unguja na mtumwa Hijazi. Sitaki kulifanya jambo hili lijibu kila kitu kilichokuja baadaye. Ila mtu akishangaa kwa nini baadhi ya maneno wanayorushiwa wanawake weusi katika majumba ya huko yana harufu ya kale, hesabu ndiyo hiyo.

Sheria ya pili ya kazi, iliyo nene kuliko ya kwanza, ilitoka mwaka 1969. Na hapa kuna jambo la lugha linalofaa kusimuliwa. Saudia huepuka kuita sheria zilizotungwa na serikali "qanun", neno lililotupa sisi kanuni. Sheria kwao ni moja, ya Mungu. Kinachotungwa na wanadamu huitwa "nizam". Kwetu neno hilo ni nidhamu, nasi tukilisikia tunakumbuka mstari wa asubuhi na kiboko cha mwalimu mkuu. Makadhi wengi hawakupenda kuhukumu kwa nizam. Walikuwa na vitabu vyao vya fiqhi, na vifungu vya serikali kuhusu saa za ziada na likizo ya ugonjwa waliviona si kazi yao. Serikali haikutaka kugombana nao. Ikaunda mabaraza ya migogoro ya kazi, la awali na la juu, na kuyaweka ndani ya Wizara ya Kazi. Kwa hiyo kwa takriban nusu karne kesi za kazi zilisikizwa na vyombo vilivyofanya kazi ya mahakama bila kuwa na jina lake.

Mabaraza hayo yalisaidia wengi, na si haki kuyafuta kwa mstari mmoja. Lakini yalikuwa na ulemavu wa kuzaliwa: yalikaa chini ya wizara ileile iliyotoa vibali vya kuleta wafanyakazi na iliyowategemea waajiri kujaza takwimu zake. Kesi zilivuta. Mgeni mwenye kesi alikuwa na tatizo la ziada, kwamba mdaiwa wake ndiye kafili wake. Mwenye kumpa kazi ndiye aliyeshika kibali chake cha kukaa nchini, ile iqama, na mara nyingi pasipoti pia, ingawa Baraza la Mawaziri lilikataza kushika pasipoti za wafanyakazi tangu mwaka 2000. Mwajiri akiripoti kwamba mtu wake ametoroka, kitu kiitwacho "huruub", mdai aligeuka mtuhumiwa kabla jalada lake halijapewa namba.

Udhaifu huo ulianikwa mwaka 2016. Bei ya mafuta ilikuwa imeshuka, serikali imechelewesha malipo, na makampuni makubwa ya ujenzi yakaacha kulipa mishahara. Saudi Oger, yenye maelfu ya wafanyakazi wa mataifa mengi, ndiyo iliyotajwa zaidi. Ilifungwa Julai 2017. Katika kambi za Jeddah na maeneo jirani Wahindi walikaa bila mshahara, na baadhi bila chakula, hadi waziri mdogo wa mambo ya nje wa India, V. K. Singh, akasafiri kwenda Jeddah mwenyewe Agosti 2016. Mfalme Salman alitoa riyali milioni 100 za kukwamua hali. Wengi walikubali kupanda ndege na kuacha madai yao mikononi mwa balozi na mawakili. Mtu anaondoka, kesi inabaki. Mpaka leo hilo ndilo umbo la kesi nyingi za wageni.

Mahakama yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa muda mrefu. Sheria ya Mahakama ya mwaka 2007, chini ya Mfalme Abdullah, ilisema kutakuwa na mahakama za kazi ndani ya mfumo wa kawaida wa sheria, zenye makadhi na rufaa. Ikapita miaka 11. Makadhi ilibidi wafundishwe kusoma nizam ambayo waliowatangulia waliikwepa, na wizara moja ilibidi ikubali kuachia mamlaka kwa nyingine. Mwenye kuzijua wizara, za nchi yoyote, hatashangaa kuhusu hilo la pili.

Katika miaka hiyo ya kungoja lilipita tukio ambalo wengi hawalihusishi na habari hii. Oktoba 2013 wanawake wanne wa kwanza walipewa leseni za uwakili nchini Saudia. Mmoja wao, Bayan al-Zahran, alifungua ofisi yake Jeddah mwanzoni mwa 2014. Kabla ya hapo mwanamke aliyedhulumiwa kazini, kwa namna ambayo hawezi kumsimulia mwanamume, hakuwa na wakili wa kumsimulia.

Sasa njia yenyewe. Mdai haanzii mahakamani. Huanzia kwenye suluhu, katika ofisi ya Wizara ya Rasilimali Watu, mrithi wa ile ya Kazi, ambako pande mbili hukalishwa na kupewa siku 21 za kupatana. Wasipopatana, jalada hupelekwa mahakamani kwa mtandao. Mfanyakazi halipi ada ya mahakama. Sheria ya gharama za mahakama iliyoanza kutumika mwaka 2022 iliwasamehe wafanyakazi wanaodai stahili za mikataba yao, hata wale ambao Sheria ya Kazi yenyewe haiwahusu. Anayesahau kuangalia kalenda huumia: madai hupokewa ndani ya miezi 12 tangu kazi kwisha.

Tuchukue dereva wa kampuni, mshahara riyali 1,500 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka sita. Kiinua mgongo chake ni nusu ya mshahara kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, halafu mshahara mzima kwa kila mwaka unaofuata. Kwa hiyo 3,750 na 1,500, jumla 5,250. Akijiuzulu mwenyewe baada ya muda huo anapata theluthi mbili, 3,500. Akifukuzwa bila sababu halali, kuna fidia juu yake, nayo huhesabiwa kwa muda uliobaki wa mkataba, isipungue mishahara ya miezi miwili. Mkataba wa mgeni lazima uwe na tarehe ya mwisho. Kwa sheria, mgeni hana kazi ya kudumu. Hesabu hizi wafanyakazi wengi hawazijui, na nimeona watu wakikubali kwa shukrani tikiti ya ndege na mshahara wa mwezi mmoja, wakidhani wamefadhiliwa.

Jambo bora kuliko yote katika Sheria ya Kazi ya sasa, kwa maoni yangu, limejificha kwenye Kifungu cha 51. Mkataba wa kazi unahesabiwa upo hata kama haukuandikwa, na katika hali hiyo mfanyakazi peke yake ana ruhusa ya kuuthibitisha kwa njia yoyote ile. Jumbe za simu, picha akiwa na sare, risiti za benki. Kuanzia 2013 mishahara ya makampuni ilianza kupitishwa benki ili iweze kufuatiliwa, na orodha ya benki isiyo na kitu kwa miezi mitatu ni shahidi asiyetishika. Lugha ya mahakama ni Kiarabu, na asiyekijua husikizwa kupitia mkalimani. Hapo ndipo zile kadhi, shahidi na hukumu za mwanzo wa makala hii zinapoacha kusaidia: neno ni letu sote, sentensi si yetu.

Na ubaguzi? Hapa historia ya taasisi hii inakuwa ya kuvutia na ya kuudhi kwa pamoja. Saudia iliridhia Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaokataza ubaguzi katika ajira, mwaka 1978. Hata hivyo, Kifungu cha 3 cha Sheria ya Kazi, kilipoandikwa upya mwaka 2019 kukataza ubaguzi kwa jinsia, ulemavu au umri, kilisema raia ndio walio sawa katika haki ya kufanya kazi. Raia. Kwa mwanamke Msaudi hilo lilikuwa ushindi wa kweli: tangazo la kazi linalosema "wanaume tu" likawa kosa. Kwa mgeni, neno moja lilimwacha nje ya sentensi. Marekebisho yaliyoanza kutumika Februari 2025 yalikwenda mbali zaidi. Sasa, chini ya Kifungu cha 61, ni wajibu wa mwajiri kutofanya jambo linaloharibu usawa wa nafasi au wa kutendewa kazini kwa misingi ya asili, rangi, jinsia, umri, ulemavu au hali ya ndoa. Rangi imetajwa. Miaka 72 baada ya mgomo wa Dhahran, neno limeingia kwenye nizam, na kadhi wa Jeddah anaweza kuulizwa maana yake.

Ila si kila mtu anaweza kumuuliza. Kifungu cha 7 kinawaondoa wafanyakazi wa nyumbani katika sheria yote hiyo. Saudia ina wafanyakazi wa nyumbani wanaokaribia milioni 4: madereva, wapishi, walinzi, watunza bustani, na wanawake wa ndani ambao Wakenya wamezoea kuwaita "kadama". Wao wana kanuni zao. Za mwaka 2013 ziliwapa saa tisa za mapumziko kwa siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, na mwezi mmoja wa likizo yenye malipo baada ya miaka miwili. Madai yao kwa miaka mingi yalisikizwa na kamati za ndani ya wizara, kwa mtindo uleule wa mabaraza ya zamani, kana kwamba 1969 haijaisha. Faini kwa mwajiri aliyekosa mara ya kwanza haikuzidi riyali 2,000. Mfanyakazi akikosa, naye faini ni hiyohiyo, au kuzuiwa kufanya kazi nchini humo daima, au vyote viwili. Kanuni mpya, zilizoanza kutumika Oktoba 2024, zinaweka saa kumi kuwa mwisho wa siku ya kazi na kutoa likizo ya siku 30 kila mwaka.

Jikoni ndiko ubaguzi unakosomeka kwa tarakimu. Tangu 2007 Ufilipino imeshikilia kwamba mfanyakazi wake wa nyumbani asipelekwe kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, ambazo ni riyali 1,500. Shirika la Amnesty International, katika ripoti yake ya Mei 2025 iliyotokana na mazungumzo na zaidi ya wanawake 70 wa Kenya, lilikuta wastani wa riyali 900. Jiko lilelile, mtoto yuleyule wa kuogeshwa. Kilichotofautisha mishahara ni pasipoti, na tofauti hiyo haikuamuliwa na bibi wa nyumba. Ilikubaliwa na serikali mbili zilipokaa mezani. Wanawake hao walieleza pia kuitwa majina ya wanyama na mengine ya kudhalilisha. Yote hayo hutokea nyumbani mwa watu, ambako mkaguzi wa kazi haingii.

Serikali zetu zimekuwa zikifunga na kufungua mlango huo kama duka la kijijini. Kenya ilizuia kupeleka wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2014, ikaruhusu tena 2017. Uganda ilizuia Januari 2016, ikarudi na makubaliano mapya 2017. Mwaka 2021 Bunge la Kenya liliambiwa kwamba Wakenya 89, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, walikufa Saudia katika muda wa takriban miaka miwili, na maelezo yaliyotolewa kwa wengi yalikuwa kusimama kwa moyo. Balozi za Kenya, Tanzania na Uganda ziko Riyadh. Anayefanya kazi Jeddah yuko karibu kilomita 950 za barabara kutoka hapo, na wengi hawana hata nauli ya teksi.

Nasi tusijitakase. Tuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi Nairobi, mjukuu wa Mahakama ya Viwanda iliyoanza 1964 chini ya Jaji Saeed Cockar. Tuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi Tanzania, iliyoanza kazi 2007. Ni wangapi kati ya wasichana wa kazi wa Kileleshwa na Mikocheni waliowahi kupiga hodi huko? Faida moja ya vyombo hivyo, kwa habari yetu hii, ni kwamba wakala aliyempeleka mtu Riyadh yuko hapa nyumbani, ana ofisi na ana leseni. Mwajiri aliye ng'ambo anaweza kuwa jina tu kwenye karatasi, lakini wakala wa Mombasa anapatikana.

Tangu janga la mwaka 2020 mahakama za Saudia zimehamishia kesi nyingi kwenye mtandao. Jukwaa linaitwa Najiz, na kikao kinaweza kufanyika kwa video bila mtu kupanda ngazi. Kwa nadharia, mfagizi wa kampuni aliyerudi Kwale anaweza kumsikiliza kadhi wa Riyadh akiwa chini ya mwembe, pale ambapo mtandao hushika. Anaandika namba ya iqama yake kwenye simu, na nywila. Mfumo unamjibu kwamba umemtumia tarakimu za siri. Zimetumwa kwenye namba ya simu ya Saudia aliyojiandikishia siku zile, laini aliyoichomoa uwanja wa ndege ili aweke ya Safaricom.